RISALA JUU YA KHABARI ZITANGAZWAZO NA WAJIBU WA KUZITHIBITISHA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kunena, kisha akamwekea malaika wa kuyaandika anenayo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka, hata kabla ya kujiwa na wahyi, walimwita Al-Amin kwa ukweli wa ulimi wake; na ziwashukie Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, katika risala hii twataka kunena juu ya jambo moja ambalo limeingia katika kila nyumba na kila baraza, nalo ni khabari: namna zinavyotangazwa, na namna tunavyozipokea. Zamani baraza zima lilikuwa na gazeti moja, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Kisha ikaja redio, ikawa mtaa mzima wakusanyika mlangoni kwa mwenye nayo. Leo kila mtu ana simu mkononi mwake, nayo ni gazeti, na ni redio, na ni mpiga mbiu pia. Khabari ikitoka asubuhi Lamu, kabla ya adhuhuri imekwisha kufika Kilwa, Maskati na London, wala aliyeianzisha hajulikani ni nani.

Wako watu wakisikia maneno haya hudhani kwamba twataka kuviharimisha vyombo hivi. La, hatusemi hivyo. Chombo ni chombo. Kalamu yaandika aya na yaandika matusi. Redio ya Misri ilipofunguliwa Mei 1934, sauti ya kisomo iliyosikiwa kwanza ilikuwa ya Sheikh Muhammad Rifat, Mwenyezi Mungu amrehemu. Naye yasimuliwa kwamba hakukubali kusoma mpaka alipokwisha kuwauliza wanavyuoni wa Azhar kama yajuzu kuisoma Qur'ani katika chombo ambacho mtu aweza kukisikiliza popote, hata mahali pasipo heshima. Wakamjibu kuwa yajuzu, akasoma. Tazama adabu ya mtu huyu: aliuliza kwanza, kisha akatumia. Sisi wa leo hutumia kwanza, na kuuliza hatuulizi kabisa.

Na manufaa yaliyopatikana hayakuwa madogo. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alipoisoma Qur'ani yote kwa murattal ikahifadhiwa katika sauti, mwaka 1961, na idhaa ya Qur'ani Tukufu ilipoanza Cairo mwezi Machi 1964, visomo vya Misri vilienea ulimwenguni hatta vijana wetu wa madrasa, ambao hawajapata kuuona mto wa Nili, wakawa huzivuta madda kama wavutavyo watu wa Misri. Na kwa mlango huo huo ziliingia nyimbo. Mabibi na mabwana wa Unguja na Mombasa walizijua sauti za waimbaji wa Cairo kuliko walivyowajua majirani zao, na ala za taarabu zikafuata mwendo huo. Hapana aliyetoa amri. Hapana askari aliyekuja kumwambia mtu asome hivi au aimbe vile. Sikio lilizoea, na lililozoewa na sikio likawa ndiyo ada ya mji. Hii ndiyo nguvu ya chombo kitangazacho: hakikulazimishi, bali hukuzoeza, na kilichokuzoeza kisomo chaweza kukuzoeza na uongo.

Basi natuitazame asili ya neno lenyewe. Sisi Waswahili twasema "idhaa", nalo ni neno la Kiarabu, kutoka katika kitendo chenye maana ya kueneza na kutangaza. Kitendo hicho hicho kimo katika Qur'ani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 83. Humo Mwenyezi Mungu awalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo. Na lau wangalilirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wangalilijua wale wawezao kulichimbua. Zingatia, ndugu yangu: aya haikusema kuwa wale watu walisema uongo. Lawama imewashukia kwa kutangaza tu kabla ya kujua. Na khabari za amani zimetajwa pamoja na za khofu, kwani mtu aweza kuangamizwa na bishara ya uongo kama aangamizwavyo na tishio la uongo. Ya hili tutayaona mbele.

Na sababu ya kushuka aya hiyo, kwa riwaya iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ni kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie. Mtume, rehema na amani zimshukie, alijitenga na wakeze kwa muda. Umar akaingia msikitini akawakuta watu wamekaa kwa huzuni, wakipigapiga changarawe chini, na wote wasema ya kwamba Mtume amewaacha wakeze. Khabari imeenea msikitini, na wasemao ni Masahaba, si wahuni wa njiani. Lakini Umar hakutosheka. Alikwenda kwa Bibi Aisha, akaenda kwa binti yake Hafsa, kisha akakiendea chumba cha juu alimokuwamo Mtume; akaomba idhini ya kuingia, na asipojibiwa akaomba tena, mpaka akaruhusiwa. Akamkuta Mtume amelala juu ya jamvi, akamwuliza kwa kinywa chake: je, umewaacha? Akajibiwa kwamba la. Kisha angalieni adabu yake ya pili: hakukimbilia kutangaza ukweli nao, bali aliomba rukhsa ya kuwaambia watu. Aliporuhusiwa ndipo aliposimama mlangoni pa msikiti akanadi kwa sauti yake yote. Huyu ndiye mtangazaji wa haki: amepanda mpaka kwenye chimbuko la khabari, amemwuliza mwenyewe, ameomba idhini, na ametangaza kwa jina lake na uso wake mbele ya watu wanaomjua.

Sasa natueleze kisa cha idhaa moja ambayo wazee wengi wa pwani wanaikumbuka, na ambayo katika kuinuka kwake na kuanguka kwake mna mafunzo makubwa.

Tarehe 4 Julai 1953 ilianzishwa Cairo idhaa iliyoitwa Sauti ya Waarabu. Mwanzo ilikuwa ya nusu saa tu kwa siku. Haikuchukua muda ikawa yasikilizwa tangu Moroko mpaka Yaman. Wafaransa walipomwondoa Sultani Muhammad wa Tano wa Moroko mwezi Agosti mwaka ule ule, idhaa hiyo ilimtetea mpaka aliporudi nchini kwake mwezi Novemba 1955. Tarehe 1 Novemba 1954 watu wa Aljeria walipoanza vita vya kujikomboa, tangazo lao lilisomwa kutoka Cairo. Desemba 1955 Waingereza walitaka kuiingiza Jordan katika mkataba wa Baghdad. Sauti ya Cairo ikawaamsha watu wa Amman, wakajaa njiani, na Jordan haikuingia. Watawala wa Kizungu waliokuwa na manowari na mizinga walishindwa kuipata dawa ya kuponya maneno. Katika vita vya Suez, tarehe 2 Novemba 1956, ndege za Waingereza zilikwenda kuipiga kwa mabomu mitambo ya redio ya Cairo. Redio ya Sham ikasimama mahali pake, mtangazaji akinadi kutoka Damascus kana kwamba yuko Cairo. Mtu hatupi mabomu juu ya maneno illa amekwisha kuyaogopa.

Na huku kwetu, mwaka 1954, Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Serikali ya Kiingereza ilichukizwa sana, na watu wa pwani walifurahi kwa kiasi hicho hicho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi kusikia, kwa lugha yao wenyewe na kwa matamko ya pwani, ya kwamba ukoloni si kudura isiyoondoka. London nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, lakini London ilisema kama bwana asemavyo na watoto wa nyumbani. Cairo ilisema kama ndugu. Hatuwezi kuikana fadhila hiyo. Mtu mwenye insafu humpa kila mwenye haki haki yake.

Walakini mapenzi yakizidi mno humfanya mtu asiulize. Idhaa iliyosema kweli juu ya Moroko na Aljeria ilipata amana kwa watu, na amana hiyo ikawa kama fedha iliyowekwa. Na ikafika siku ikatolewa yote kwa mara moja.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Juni 1967. Asubuhi ile ndege za Israili zilivishambulia viwanja vya ndege vya Misri, na katika siku ile Misri ikapoteza takriban ndege 300, nyingi zake zikiwa bado zimekaa chini. Kwa saa chache tu jeshi la anga la Misri lilikuwa limevunjika, na jeshi lake lililokuwa jangwani Sinai limebaki halina kifuniko juu ya vichwa vyake. Na wakati huo huo idhaa ya Cairo yatangaza ushindi! Mtangazaji mkuu wa Sauti ya Waarabu, Ahmed Said, alisoma taarifa baada ya taarifa kwamba ndege za adui zimeangushwa kwa makumi, na kwamba majeshi yasonga mbele. Watu wa Cairo walitoka barabarani wakishangilia. Waarabu tangu bahari hatta bahari walikumbatiana kwa furaha ya jambo lisilokuwako.

Laiti uongo huo ungaliishia kwenye masikio ya raia, khasara yake ingalikuwa nusu. Lakini uongo hauna mlango wa kuambiwa "ishia hapa". Jemadari mkuu wa Misri, Abdel Hakim Amer, alipeleka ujumbe asubuhi ile Amman kwamba robo tatu za ndege za Israili zimekwisha kuharibiwa. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa amefunga mkataba na Misri siku chache nyuma, tarehe 30 Mei. Alikuwa ameletewa pia neno kutoka kwa Israili, kwa njia ya mjumbe wa Umoja wa Mataifa, kwamba asipoingia vitani hatapigwa. Wataalamu wa tarikhi hutaja sababu nyingi za kuingia kwake, wala mkataba haukuwa jambo dogo. Lakini bishara ile ya uongo ilikuwa mbele yake alipokata shauri. Hatta chombo cha kuonea ndege kilipoonyesha ndege zaelekea Israili, zilidhaniwa kuwa za Misri zinakwenda kupiga, kumbe ni za Israili zinarudi baada ya kumaliza kazi yao. Tazama namna ambavyo mtu akikwisha kujazwa khabari ya uongo, jicho lake nalo husoma uongo. Jordan ikaingia. Jumatano, tarehe 7 Juni, Baitul Muqaddas, mji wa Msikiti wa Aqsa, kibla cha kwanza cha Waislamu, ukatoka mikononi mwao, pamoja na nchi yote ya magharibi ya mto wa Jordan.

Na siku moja kabla yake, tarehe 6, Gamal Abdel Nasser na Mfalme Hussein walisemezana kwa simu, wakaafikiana kutangaza kwamba ndege za Marekani na Uingereza nazo zimo vitani. Mazungumzo yao yalinaswa na Israili, yakatangazwa ulimwenguni kwa sauti zao wenyewe. Usiku wa tarehe 9 Juni Gamal Abdel Nasser alisimama mbele ya watu wake akakiri msiba, akasema ajiuzulu. Watu wakamwagika njiani wakamrudisha. Lakini amana ya idhaa haikurudi. Mtu aliyeambiwa Jumatatu kwamba ndugu zake wakaribia Tel Aviv, kisha Ijumaa akaambiwa kwamba wamo mbioni kuvuka mfereji wa Suez, mtu huyo hatakiamini tena chombo kile hatta kisemapo saa ngapi. Tangu hapo Waarabu wengi walikuwa wakitaka kujua yaliyotokea katika nchi zao hufungulia London! Wakamwendea mkoloni wa jana kuwaeleza habari za nyumbani kwao. Hii ni adhabu kubwa kuliko kushindwa vitani, kwani ardhi huenda ikarudi.

Ahmed Said aliondoka kazini, na katika kujitetea kwake miaka ya baadaye alisema kwamba yeye alikuwa akisoma taarifa alizopewa na jeshi. Neno hilo nataka mliweke akilini, tutalirejea.

Huenda mtu akatupinga kwa kusema: je, haikupokewa kutoka kwa Mtume kwamba vita ni hila? Na je, haifai kuwatia watu moyo wakati wa shida? Twajibu: hila ya vita ni juu ya adui, si juu ya jamaa yako. Kumficha adui njia utakayopita ni hila. Kumwambia mama wa askari kwamba mwanawe anashinda, naye anakufa kwa kiu Sinai, ni khiyana. Na tuna dalili iliyo wazi katika vita vya Khandaq. Makabila yalipouzunguka mji wa Madina, Mtume alipata khabari kwamba Bani Quraidha wamevunja ahadi. Aliwatuma Saad bin Muadh na Saad bin Ubada, pamoja na wengine, wakathibitishe, akawaagiza kwamba kama ni kweli wamrudishie jibu kwa fumbo atakalolifahamu yeye, wasije wakawavunja watu nguvu. Na kama si kweli, basi walitangaze waziwazi. Hapa pana njia mbili tu, kunyamaza au kusema kweli. Njia ya tatu, ya kugeuza khabari mbaya ikawa njema na kuipigia mbiu, haikuwamo katika agizo lake, naye yumo katika siku ambazo mioyo ilifika kooni. Basi serikali yaweza kusema: "Hatusemi neno sasa." Haina rukhsa ya kusema: "Tumeshinda."

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Misri na Sham peke yake. Huku kwetu Unguja, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 mpaka 1963, siku ambazo watu waliziita zama za siasa, magazeti yalikuwa mengi kuliko visima. Kila chama kilikuwa na lake, na hatta lililokuwa na wasomaji wachache lilisomwa kwa sauti barazani likawafikia wasiojua kusoma. Yalianza kwa hoja, yakafika kwenye nasaba. Watu waliooana na kuzikana, wanaoswali safu moja, walifunzwa na karatasi kutazamana kwa jicho la kabila: huyu mgeni, huyu mtumwa, huyu wa bara, huyu wa Manga. Hatta duka la kununua sukari likawa na chama. Juni 1961, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa. Na alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 waliopindua serikali walikuwa na hamu ya kukamata vituo vya polisi na silaha, na hawakukisahau kituo cha redio. Na yaliyotangazwa humo siku zile, ya vitisho na idadi za kutisha, walioyasikia hawajayasahau. Sitaki kufukua makaburi. Waliokufa wamo mbele ya Hakimu asiyehitaji gazeti. Nasema tu kwamba panga halikuanza kunolewa Januari. Lilinolewa miaka saba, kwa wino, na walionoa walikuwa wa kila upande.

Wala hapana shaka tena, katika sheria za ulimwengu, kwamba mwenye kutangaza aweza kuwa muuaji. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa yaliyosemwa katika redio moja na kuandikwa katika gazeti moja la Rwanda kabla ya mauaji ya mwaka 1994 na wakati wake. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao na kufuta baadhi ya makosa, lakini hukumu ya asili ilibaki: ulimi umehesabiwa pamoja na panga.

Sasa turudi kwenye simu zetu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Samura bin Jundub ndoto ya Mtume, na ndoto za Mitume ni haki. Miongoni mwa aliyoonyeshwa ni mtu anayepasuliwa shavu lake kwa ndoana ya chuma mpaka kisogoni, kisha shavu la pili, na la kwanza likipona hurudiwa tena. Akafahamishwa kwamba huyo ni mtu atokaye nyumbani kwake asubuhi akasema uongo mmoja, na uongo huo ukafika pande zote za ulimwengu. Wanavyuoni wa zamani walilishereheshea neno hili kwa kutaja misafara na wasafiri. Sisi hatuhitaji sherehe, twalishika mkononi. Mtu ametoka nyumbani asubuhi, hajafika sokoni, na uongo wake umekwisha kufika pande zote za ulimwengu kwa kidole kimoja.

Na waliokwisha kudhurika kwa jambo hili ni ndugu zetu. Katika nchi ya Myanmar Waislamu wa Rohingya walisingiziwa katika Facebook kwa miaka mingi, kwa picha za uongo na visa vya kubuni, mpaka jirani akamwona jirani yake kama nyoka. Tangu Agosti 2017 watu zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh, nyuma yao vijiji vyawaka moto. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2018 kwamba mtandao huo ulikuwa na sehemu kubwa katika kueneza chuki ile. Na wenye mtandao wenyewe, mwezi Novemba mwaka huo, walikiri kwamba hawakufanya ya kutosha kuizuia. Tulilia kwa ajili yao, na ilikuwa haki kulia. Lakini katika simu hizo hizo tulizolilia, ni mara ngapi tumepeleka picha ya msikiti uliochomwa isiyojulikana ni ya nchi gani wala ya mwaka gani? Mwenye kudhulumiwa kwa uongo hapewi rukhsa ya kujitetea kwa uongo. Tena picha moja ya uongo ikifichuka humpa adui nafasi ya kuzikanusha picha mia za kweli.

Katika Sura ya An-Nur, Mwenyezi Mungu aliposimulia kisa cha kusingiziwa Bibi Aisha, alisema katika aya ya 15 kwamba watu waliupokea uzushi ule kwa ndimi zao. Wenye tafsiri wamesimama hapa wakastaajabu, kwani khabari hupokewa kwa masikio. Maana yake ni kwamba haikupita masikioni ikaingia moyoni ikapimwa. Ilitoka ulimi hatta ulimi. Leo yatoka kidole hatta kidole. Mtu hajamaliza kusoma, amekwisha kupeleka, na ukimwuliza hujibu: "Mimi nimepeleka kama nilivyoletewa." Sikilizeni vizuri: ni neno lile lile la mtangazaji wa Cairo! Amesoma taarifa aliyopewa. Na Mtume ametufahamisha kwamba yamtosha mtu dhambi ya uongo kusimulia kila alisikialo, hatta asipobuni hata herufi moja.

Umma huu ndio umma usiokuwa na udhuru katika jambo hili, kwani ndio uliobuni elimu ya isnadi. Muhammad bin Sirin alieleza kwamba zamani watu hawakuwa wakiuliza isnadi, lakini fitina ilipotokea wakawa husema: tutajieni watu wenu. Wakasafiri mwezi mzima kwa ajili ya hadithi moja. Wakamwuliza msimulizi: ulimwona kwa macho yako huyo unayemtaja, mwaka gani, katika mji gani? Wakaacha riwaya ya mtu mchamungu mwenye kulia usiku, si kwa sababu ni mwongo, bali kwa sababu hifdhi yake ni dhaifu. Na hapa pwani pia, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliyechukizwa na neno lililomo alijua ni nani wa kumwendea, na nyumba yake iko wapi. Khabari isiyo na mwenyewe ni mtoto asiye na baba: hatumtukani, lakini hatumrithishi.

Ajabu ni kwamba kazi hii tunaijua na tunaifanya kila mwaka. Ikiingia jioni ya mwezi ishirini na tisa wa Shaabani, simu zikaanza kulia kwamba mwezi umeonekana, twauliza: umeonekana wapi? Nani aliyeuona? Jina lake nani, ni mtu mwadilifu? Aliuona kwa macho yake au amesikia? Katika madhehebu yetu ya Shafii, kuingia kwa Ramadhani hutosha shahidi mmoja mwadilifu, na kwa Shawwal hutakiwa wawili, na wote husimama mbele ya kadhi wakatoa ushahidi. Haya twayafanya kwa ajili ya siku moja ya saumu, ambayo ikitupita twaweza kuilipa. Lakini khabari ikija kwamba binti wa fulani ameonekana mahali fulani, au kwamba mwalimu wa madrasa ya mtaa wa pili ana itikadi mbaya, au kwamba watu wa dini nyingine wamekusudia kuuchoma msikiti wetu, hapana aulizaye shahidi wala mwezi wala nyota. Na damu na heshima hazilipiki.

Na watu wengi wametuuliza: mtu aliyekwisha kuieneza khabari, kisha ikambainikia kuwa ni uongo, afanye nini? Kuifuta katika simu yake hakumtoshi, wala kunyamaza hakumtoshi, wala kuomba maghufira peke yake usiku hakumtoshi, kwani jambo hili lina haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Wanavyuoni wamesema kwamba mwenye kusingizia, toba yake haitimii mpaka ajikadhibishe mbele ya wale aliowaambia. Basi aliyepeleka uongo katika makundi matano ya simu, na apeleke ukanusho katika makundi hayo hayo matano, kwa jina lake, na kwa maneno ya wazi kama yalivyokuwa ya kwanza. Na awaombe waliopokea wawafikishie waliopelekewa na wao. Kisha amwendee aliyesingiziwa amtake radhi. Na kama kumwendea kutazidisha fitina, amwombee dua, na amtaje kwa wema katika baraza zile zile alizomtaja kwa ubaya. Na akiwa amekufa, haki hiyo yapelekwa kwa warithi wake.